Bei ya Fundi Peke Yake

Mtaa mzima unamwita Mama Vitasa, na ukimwita kwa jina jingine hageuki. Anauza vitasa vya milango, komeo, bawaba, skrubu, misumari, msasa na gundi ya mbao katika duka refu na jembamba ambamo watu wawili wanene hawapishani bila mmoja wao kuomba radhi. Duka lilikuwa la marehemu mumewe. Mume alikuwa mpole, na kwa upole huo aliuza kila kitu kwa bei aliyotajiwa na mteja. Siku moja mke alimletea chakula cha mchana, akasimama nyuma ya meza kumsubiri amalize kula, na hapo hapo akaingia mtu anayetaka komeo. Mume alipofika mwisho wa sahani, komeo lilikuwa limeuzwa kwa faida ambayo hakuwahi kuiona maishani, na mteja alikuwa ameondoka anacheka. Tangu siku hiyo mume akawa mtu wa kupanga mizigo na kusoma gazeti, mke akauza.

Ufundi wake ulikuwa huu: dukani mwake hakuna kitu kilichokuwa na bei. Kulikuwa na bei ya kuanzia, bei ya mteja kushika kichwa, bei ya mteja kujifanya anaondoka, na bei ya mwisho, ambayo ilikaa ndani kabisa na haikutoka ila kwa kuvutwa. Mteja akiingia, Mama Vitasa alimtazama viatu, akamtazama mikono, akasikiliza anavyosalimia, kisha bei ikamjia mdomoni yenyewe. Mwenye pesa anayejenga nyumba ya tatu alianzia juu. Mjane aliyevunjiwa mlango alianzia chini, na wala hakujua kwamba ameanzia chini, kwa sababu Mama Vitasa alimwachia naye nafasi ya kupunguziwa kidogo, asije akajiona anaonewa huruma. Alijisifu kwamba hajawahi kumsoma mteja vibaya. Na kwa majisifu hayo, mimi ningemwombea radhi mapema, lakini tutafika huko.

Kilichomharibia mambo ni jino. Lilimvimbisha shavu, likang'olewa, na daktari akamkataza kusema mpaka apone. Binti yake wa mwisho, aliyesomea uhasibu na anayefanya naye kazi dukani, akasimama mbele kuuza, mama akakaa nyuma akitoa bei kwa vidole. Mteja wa kwanza alitaka kitasa. Mama akanyoosha vidole vinne. Binti akasema mia nne, mteja akalipa mia nne, akaenda zake. Mama akajipiga kofi la kipaji cha uso, maana vile vilikuwa vidole vya kuanzia tu, na yule alikuwa mwalimu mwenye watoto wengi. Akaja mkandarasi mwenye gari linalong'aa. Mama akatikisa kiganja kumaanisha "ngoja kwanza," binti akaelewa "shusha," na mkandarasi akaondoka na gunia la bawaba kwa bei ya mjane. Kufikia adhuhuri Mama Vitasa alikuwa amechukua kipande cha boksi akaandika kwa kalamu ya wino mzito: FUNGA DUKA.

Shavu lilipopungua, binti alikuwa ameshaamua. Alileta kompyuta, printa ndogo ya risiti, na programu ya kupokea oda na kutoa ankara. Alimweleza mama yake taratibu. Mteja ataagiza kwa simu akiwa hukohuko aliko. Mashine itajua bei, itaandika ankara yenyewe, itamtumia, na dereva wa pikipiki atapeleka mzigo. Anayekuja dukani naye ataonyeshwa bei kwenye kioo na kupewa risiti. Sharti ni moja: kila bidhaa lazima iwe na bei ya msingi. Ukiacha nafasi ile wazi, programu inaandika kwa rangi nyekundu kwamba haiwezi kuhifadhi, na haisogei hata uibembeleze.

"Bawaba ya inchi nne," binti alianza, vidole juu ya kibodi. "Bei gani, mama?"

"Kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote."

"Mtu yeyote hajawahi kuingia dukani humu."

Binti akavuta pumzi. "Haya, chukulia ameingia. Amesimama hapo ulipo mzani. Anataka bawaba."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mama."

"Amekuja na gari?"

"Mama, mashine haina macho. Inataka namba moja tu."

"Basi masikini, imezaliwa hivyo," Mama Vitasa alisema, akaitazama kompyuta kwa huruma ya kweli.

Baada ya kuvutana sana alikubali. Tena alikubali vizuri mno. Binti akitaja kitu, mama anataja bei papo hapo, bila kusita, mpaka rafu nzima ikaisha. Binti alifurahi, akamkumbatia. Angekuwa amelelewa na mwanamke mwingine, ningemsamehe. Lakini aliyelelewa na huyu alipaswa kushtuka. Mama alikuwa amempa bei za kuanzia, zote, kutoka komeo la juu mpaka msumari wa mwisho. Hakukusudia ubaya. Bei ya mwisho hakuwahi kuitaja kwanza tangu azaliwe, na kuitaja mchana kweupe kwa mashine aliona ni sawa na kuambiwa abadilishe nguo barabarani.

Siku mashine ilipoanza kazi, mambo yalikwenda segemnege. Wateja waliozoea walicheka waliposikia bei, wakasubiri ishushwe, binti akawaonyesha kioo, wakatazamana, wakaondoka. Wageni walilipa bila neno, na hilo ndilo lililomuudhi Mama Vitasa kuliko yote. Mtu analipa bei ya kuanzia kama anavyolipa maji. Mmoja wao Mama Vitasa alimfuata mpaka nje, akamrudishia mkononi sehemu ya hela yake, akamwambia aende, asiseme kitu. Binti alimwona kupitia kioo cha dirisha, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mama, umenipa bei gani wewe?"

"Nzuri," mama akajibu.

Ilibidi waanze upya. Safari hii Mama Vitasa alidai waingie stoo na mlango ufungwe. Humo, katikati ya maboksi ya skrubu, alinong'ona bei ya mwisho ya kila kitu, na kila alipotaja moja aligeuka kutazama nyuma, hata pale ambapo nyuma yake kulikuwa na ukuta. Walipotoka alikuwa amechoka kama mtu aliyefua mablanketi ya nyumba nzima. Lakini lazima tuseme haki: duka lilichangamka. Oda ziliingia kwa simu, printa ikalia, pikipiki ikaenda na kurudi. Mjane na mkandarasi sasa walilipa sawa, na hakuna aliyekufa. Mama Vitasa alianza kuizoea ile mashine, hata akaifumia kitambaa cha kuifunika.

Mpaka alipokuja fundi.

Huyu fundi seremala alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, na kwa sababu hiyo anamwita Mama Vitasa shemeji. Karakana yake iko nyuma ya mtaa huohuo. Vitanda vyake vinasifika, watu wanasema ukilala juu yake unasahau madeni. Mkewe alifariki zamani, na wanawe wako mbali. Kila asubuhi ya siku ya kazi, duka likishafunguliwa na kufagiliwa, fundi aliingia, akakaa kwenye kigoda alichokichonga mwenyewe na kukiacha pale kando ya rafu, akaomba bawaba. Hakuwahi kununua za siku mbili kwa mpigo. Alizinunua kwa uchache, na kila mara walianza upya.

Aliichukua bawaba moja, akaifungua na kuifunga karibu na sikio. "Hii inalia, shemeji."

"Inalilia bei unayoitaja."

"Chuma chenyewe chepesi hivi. Nikipiga chafya kitaruka."

"Pigia chafya kwako. Hapa ni mahali pa biashara."

Wakitoka hapo waliingia kwenye mgongo wa fundi unaouma, kwenye mwanawe asiyepiga simu, kwenye jirani aliyepaka nyumba rangi ya nyanya, kisha wakarudi kwenye bawaba kana kwamba hawajaiacha. Mwisho walifika kwenye bei ileile waliyoifikia jana na juzi. Wote wawili waliijua. Hata dereva wa pikipiki aliijua. Mtaani wapo waliosema maneno juu ya kigoda kile, na Mama Vitasa aliyasikia yote akajitia hamnazo.

Asubuhi hiyo fundi aliingia kama kawaida. "Bawaba zinasemaje leo, shemeji?"

Kabla mama hajafungua mdomo, binti alikigeuza kioo cha kompyuta kikamtazama fundi. Pale palikuwa na bei ileile, ya mwisho, imekaa wazi kama mtu asiye na nguo.

Fundi aliitazama kwa muda. "Hii ndiyo ya mwisho?"

"Ndiyo ya msingi, baba mdogo," binti alisema kwa fahari. "Hakuna tena kuhangaika."

Fundi akatoa hela, akalipa. Akapokea risiti, akaikunja, akaikunja tena. "Haya. Siku njema." Akatoka. Hakuwa amekaa. Mama Vitasa alibaki na kashfa zake tatu nzuri alizoziandaa tangu alfajiri.

Kesho yake hakuja. Ilikuja oda kwenye simu: bawaba, idadi ileile ya siku zote, na neno asante. Mashine ikatoa ankara, fundi akalipa, pikipiki ikapeleka.

"Umeona?" binti alisema. "Baba mdogo hana hata haja ya kutoka kwake."

"Nimeona," mama akasema.

Ikawa hivyo kila siku. Na kwa kuwa Mama Vitasa mwenyewe hatalisema, nalisema mimi: alikuwa na hamu ya kumwona mpaka chakula kikakosa ladha. Tena hamu haikuwa peke yake, ilikuja na hofu. Alijiuliza kama miaka yote ile fundi alikuwa anakuja kupunguziwa bei tu. Sasa bei imepungua yenyewe, na mtu hana tena sababu ya kuja kutukanwa na mjane mwenye pengo. Kama ni hivyo, alitaka kujua. Na kama ni hivyo, hakutaka kujua. Alikaa katikati ya hayo mawili siku nzima, akiwajibu wateja ndiyo mahali pa hapana.

Kwenda karakana hakuweza. Mwanamke wa umri wake kumfuata mwanamume kumuuliza mbona siku hizi hununui bawaba uso kwa uso, mtaa ungepata chakula cha mwaka. Alifagia mbele ya duka, akaendelea kufagia kuelekea njia ya kwa fundi, mpaka akajikuta amefagia mbele ya duka la vitambaa na mwenye duka anamshukuru. Nyumbani alijaribu kuuvunja mguu wa meza ndogo ya sebuleni apate kisingizio cha kuupeleka kutengenezwa. Aliuvuta, akaukalia, akaupiga teke. Lakini meza ilikuwa kazi ya mikono ya fundi yuleyule, ikagoma kuvunjika. Kilichoumia ni kidole chake cha mguu. Kile kigoda cha dukani alikiwekea boksi la msasa juu, mtu mwingine asije akakikalia.

Siku moja, wakati binti anapanga oda, mama alijikausha akauliza, "Hivi bei ya msingi ikishawekwa, ndiyo imewekwa kwa watu wote?"

"Kwa wote. Ila ukitaka kumpendelea mteja fulani, unafungua ukurasa wake, unachagua bidhaa, unamwandikia bei maalumu. Akiagiza, mashine inaacha ile ya msingi inafuata yake."

"Bei yake peke yake."

"Peke yake. Ya kumpunguzia."

"Na kupanda inaweza?"

Binti akacheka. "Mama, nani atamfungulia mteja mwema ukurasa ili ampandishie?"

"Nimeuliza tu, mwanangu."

Binti alipotoka kwenda benki, Mama Vitasa alivaa miwani, akaondoa kitambaa, akakaa mbele ya mashine. Alichapa kwa kidole kimoja, akimtafuta fundi herufi kwa herufi. Akampata. Akachagua bawaba. Kisha akapiga moyo konde akaandika bei ambayo hata mwenye nyumba tatu hajawahi kutajiwa, bei ambayo kwayo mtu angepata mlango mzima na fremu yake. Alisubiri maandishi mekundu. Hayakuja. Mashine ilihifadhi bila hata kuuliza kulikoni, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba huenda ina akili.

Asubuhi iliyofuata oda ya fundi iliingia kama kawaida. Ankara ikaenda yenyewe. Mama Vitasa alichukua kitambaa akaanza kufuta vitasa ambavyo tayari vilikuwa vinang'aa, na hapo ndipo jambo moja likamjia: fundi anaweza kulipa. Mtu anayelipa bila kutazama, anayetaka tu bawaba zake na amani yake, anaweza kulipa na kuandika asante. Akilipa, basi. Atakuwa amejibiwa, na jibu lenyewe amelitafuta kwa mkono wake. Aliufuta mkono wa kitasa kimoja mpaka ukalegea.

Kwanza zilisikika kandambili. Kisha fundi mwenyewe akasimama mlangoni, amevaa shati la kwenda mahali, hana hata unga wa mbao kichwani, miwani imepanda kwenye kipaji, simu ameinyoosha mbali na uso.

"Shemeji," alisema, "huu ni ujambazi."

"Karibu, fundi."

Binti akaikimbilia kompyuta. "Samahani sana baba mdogo, sijui imekuwaje, mashine itakuwa imekosea, naomba niisahihishe."

"Mashine haijakosea," mama alisema, akiliondoa boksi la msasa kwenye kigoda bila haraka. "Hiyo ndiyo bei."

Fundi akakaa. Mgongo ulimlazimu kukaa kwa awamu, na Mama Vitasa alisubiri awamu zote ziishe. Akamwekea bawaba moja kiganjani. Fundi akaifungua na kuifunga karibu na sikio.

"Ndani mmetia nini?"

"Mafuta."

"Mafuta ya nini, ya harusi?"

"Kwa mtu wa karakana, hayo hayo yanakutosha."

"Mimi nitalipa robo ya hiyo, na hapo nimekuheshimu kwa ajili ya marehemu."

"Marehemu angekuuzia bure, ndiyo maana nilimtoa mezani."

Fundi akacheka, kicheko kikamwingia kifuani akakohoa, akajifuta macho. Walishuka hatua moja, wakabishana, wakapanda nusu, wakashuka. Walipokaribia mwisho fundi akawa anaitazama bawaba badala ya kumtazama mwenye duka.

"Mimi nilidhani umechoka na kelele zangu, shemeji. Nikasema, kumbe amenunua mashine anifukuze kistaarabu."

"Ningetaka kukufukuza ningetumia mdomo. Mdomo ni bure." Kisha sauti yake ikapungua, na hili lilimtoka kabla hajaliwekea bei. "Mimi nilidhani ulikuwa unakuja kwa ajili ya kupunguziwa."

"Kupunguziwa nini?"

"Bawaba, fundi. Za milango yako."

Fundi alimtazama kama anayejiuliza amwambie au asimwambie. "Shemeji, mimi nimetengeneza milango lini?"

Mama Vitasa akageuka kuitazama rafu ya bawaba.

"Mimi ni fundi wa vitanda," fundi akasema polepole. "Vitanda, meza, viti. Kitanda kina bawaba wapi? Karakana yangu ina maboksi ya bawaba mpaka kwenye mihimili ya paa, sijui hata nitazifanyia nini. Na hizi za kwenye simu nilikuwa naagiza ili jina langu likutokee pale kwenye kioo, usije ukanisahau."

Wa kwanza kupata aibu alikuwa binti, aliyejifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mwanamke aliyesoma viatu vya mtaa mzima, aliyejua mwenye gari na mwenye mkopo wa gari, alikuwa amemuuzia mtu wa vitanda bawaba miaka nenda miaka rudi, na hakuwahi kujiuliza. Alivua miwani akaifuta.

Fundi akalipa. Walikuwa wamefika palepale, kwenye bei ya msingi.

Binti akainuka kutoka chini ya meza, akakigusa kibodi. "Basi kwenye ukurasa wako nairudisha ile ya kawaida, baba mdogo, isije ikakusumbua tena."

"Usiguse," wakasema wote wawili.

Fundi akajivuta mbele kwenye kigoda, akashusha miwani puani, akaanza kuusoma ule ukurasa wake kwenye kioo, mstari kwa mstari, kidole hewani. Akafika mahali akakunja uso.

"Na kitasa je?" akauliza, sauti imeumia kweli. "Mbona kwenye kitasa umeniwekea bei ya kila mtu?"

Mama Vitasa aliitazama saa ya ukutani, akautazama mlango uliokuwa unaingiza wateja, akamtazama fundi na shati lake la kwenda mahali.

"Leo tumefanya bawaba," akasema. "Kitasa njoo kesho."